Hatari ya Umeme Haipimwi Mezani



Mwezi huu tumeonelea vema kuziacha kando habari za vyeo na posho, ambazo twajua zasomwa kwanza kuliko habari nyingine zote, ili tuandike juu ya jambo ambalo makarani wengi hudhani haliwahusu hata kidogo. Jambo lenyewe ni kazi ya kukagua viungo vya nyaya za umeme katika majumba tunamofanyia kazi. Mtu atasema, "Hiyo ni kazi ya fundi, mimi ni karani wa masjala, yanihusu nini?" Mwandishi wa makala hii alisema hivyo hivyo kwa muda wa miaka mingi, mpaka siku moja saa nne asubuhi alipoonyeshwa, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba amekosea.

Naomba radhi kusema "mimi" mahali pa "sisi" katika habari hii, maana kosa nililifanya mimi peke yangu, wala sipendi kuligawa kwa wengine.

Katika ofisi moja ya bara, jengo letu liliongezewa vyumba vinne. Nyaya zikapitishwa, soketi zikafungwa, na kabla ya watu kuhamia ikapasa fundi mwenye leseni aje avikague viungo vyote, kimoja kimoja. Siku iliyotangulia nilipewa fomu ya kibali cha kazi niipige chapa. Katika fomu hiyo palikuwa na nafasi mbili: moja ya kuandika hatari zilizopo, na moja ya kuandika kinga. Sikuondoka mezani. Niliitafuta fomu ya mwaka uliopita, nikanakili: "Hatari: kupigwa na umeme. Kinga: fundi awe mwangalifu." Mkubwa wangu akatia sahihi bila kuuliza, fundi naye akatia sahihi asubuhi yake huku mkono wa pili umeshika mfuko wa vyombo. Basi tukawa watu watatu tuliokwisha kushuhudia kwa kalamu hatari ambayo hapana hata mmoja wetu aliyekwenda kuitazama.

Fundi akashusha swichi katika sanduku lililoko ukumbini, karibu na mlango wa masjala, akaenda mwisho wa jengo, akapanda ngazi. Hakutia kufuli, maana kufuli hakupewa, na sanduku lenyewe halikuwa na tundu la kulitilia. Saidia fundi wake alikuwa ametumwa dukani kununua skrubu. Nami nilikuwa na orodha ya malipo ya vibarua iliyolazimika kuondoka na gari la saa sita. Nikaona printa haina moto. Swichi ile ilikuwa na tabia ya kujishusha yenyewe kila mvua inyeshapo, nasi tulikuwa na desturi ya kuipandisha bila kufikiri, kama mtu afukuzavyo inzi. Nikaenda nikaipandisha, nikageuka nirudi kwenye kiti changu. Sikufika kwenye kiti.

Yule fundi yu hai. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia viliungua vibaya sana, na kifundo cha mkono kikavunjika alipoanguka. Daktari alisema kuanguka ndiko kulikomwokoa, kwa sababu kulimwachisha waya. Jioni ile nikapewa taarifa ya ajali niipige chapa, na mstari wake wa mwisho ulisema, "Ajali haina kinga." Nikaupiga chapa na huo, neno kwa neno, wala sikusema kitu.

Methali hiyo ina mahali pake. Mtu aliyeangukiwa na nazi akipita njiani huweza kufarijiwa kwayo. Lakini mambo ya siku ile yalikuwa na kinga nne au tano, na kila moja ilikuwa rahisi kuliko bei ya dawa alizopewa yule ndugu katika juma la kwanza. Kufuli lingetosha. Kibao chenye neno USIWASHE kingetosha. Mtu mmoja wa kusimama kando ya sanduku angetosha. Hata kupita mlangoni mwa masjala na kutuambia, "Mabwana, swichi hii iko mikononi mwangu mpaka saa saba," kungetosha. Na kama mimi ningaliondoka mezani dakika kumi tu siku iliyotangulia, ningaliona kwamba masjala na vyumba vipya vinapata umeme kwa swichi moja, kwa hiyo atakayezimiwa moto ndiye atakayekuja kuupandisha. Jambo hilo halikuandikwa katika fomu ya mwaka uliopita, kwa kuwa mwaka uliopita vyumba vile havikuwako.

Wengi hudhani kwamba aliye hatarini zaidi ni yule afungaye nyaya. Sisi twaona kinyume chake. Nyumba inapofungwa nyaya kwa mara ya kwanza, mara nyingi umeme wenyewe haujaletwa. Waya ni waya tu, kama kamba ya kuanikia nguo. Anayekuja kukagua hukuta umeme umekwisha fika, na kazi yake ni kuvua vifuniko vilivyowekwa ili watu wasiguse, kisha kupeleka mkono na chombo karibu na kile kilichofichwa. Tena baadhi ya vipimo haviwezi kufanywa ila umeme ukiwamo.

Kwa hiyo vipimo vina utaratibu wake. Hutangulia vile vya umeme ukiwa umezimwa: kutazama kama waya wa ardhi umeshikana toka mwanzo hata mwisho, kama ngozi za nyaya ni nzima, na kama waya wa moto umeingia mahali pake katika kila soketi na kila swichi. Hivyo vikipita ndipo umeme huwashwa, na vile vilivyobaki hufanywa. Fundi anayeanza na vya mwisho kwa sababu gari linamngoja hukutana na kosa la mwenzake umeme ukiwa tayari umo ndani yake.

Hata vipimo vya umeme uliozimwa vina miiba yao. Chombo cha kupimia ngozi za nyaya hutoa chenyewe volti 500, na katika saketi za kawaida za volti 230 fundi hutaka kuona upinzani usiopungua megaomu 1. Waya mrefu ukipimwa hivyo huweza kubaki na chaji baada ya chombo kuondolewa, nayo lazima itolewe kabla mtu hajaugusa. Kadhalika kompyuta na mashine nyingine zilizochomekwa huweza kuharibiwa na volti hizo. Hapo pana kazi ya karani: kuchomoa vyombo vyote vya chumbani mwake usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, wala si kumwachia fundi azunguke chini ya meza za watu akitafuta plagi. Tena waya wa ardhi hulazimika kufunguliwa mara nyingine ili upimwe, na usiporudishwa, jengo lililokaguliwa huwa baya kuliko kabla halijakaguliwa, nalo lina cheti.

Msomaji atauliza, umeme kiasi gani waweza kumdhuru mtu? Na achukue taa ndogo ya wati 10. Katika volti 230 taa hiyo hutumia kama miliampea 43. Mtu mwingi akishika kitu chenye miliampea kama 10 misuli yake hukaza asiweze kuachia, na zikipita miliampea 30 kifuani kwa muda, moyo huweza kupoteza mwendo wake. Ndiyo sababu swichi za kinga zinazowekwa siku hizi katika saketi za soketi hutengenezwa zikate umeme ifikapo miliampea 30. Basi kile kinachowasha taa ya kusomea mtoto chatosha kumwua mtu mzima. Wala swichi ya kinga isitupumbaze. Hiyo hupima umeme unaopotea kwenda ardhini. Fundi akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili, swichi humhesabu kama taa au pasi, ikamwacha papo hapo. Na katika masanduku makubwa yanayopokea umeme wa jengo zima, bisibisi ikiteleza ikaunganisha njia mbili, mwako wake huunguza uso na macho bila mtu kugusa kitu chochote.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo majumba yetu ya zamani yanapokuwa mtego. Nyaya zilizofungwa kwa desturi ya kale ya Uingereza zilikuwa nyekundu, manjano na buluu kwa njia tatu za moto, na nyeusi kwa nyutro. Uingereza ilikubali rangi mpya mwaka 2004, na tangu Aprili 2006 kazi mpya za huko hufuata hizo tu: hudhurungi, nyeusi na kijivu kwa moto, na buluu kwa nyutro. Msomaji asome tena pole pole. Nyeusi, iliyokuwa nyutro, imekuwa moto. Buluu, iliyokuwa moto, imekuwa nyutro. Katika jengo lenye sehemu ya kale na sehemu mpya nyaya za desturi zote mbili huweza kukutana ndani ya sanduku moja, na fundi kijana aliyesomeshwa rangi mpya tu huiona buluu ya zamani akadhani ni rafiki. Fomu isemayo "awe mwangalifu" haimsaidii kitu. Ingemsaidia fomu isemayo, "Sehemu ya kaskazini ni ya kale, rangi za kale, sehemu mpya ina rangi mpya, mpaka wake ni sanduku la ukumbini." Na maneno hayo hawezi kuyaandika mtu asiyekwenda ukumbini.

Liko na jambo la umeme unaotoka mahali pawili. Zamani kushusha swichi kuu kulikuwa kumalizika kwa maneno. Leo ofisi nyingi zina jenereta nyuma ya nyumba, nyingine zina mabamba ya jua juu ya paa na betri stoo. Jenereta nyingine hujiwasha zenyewe umeme wa mjini ukikatika. Fundi hushusha swichi ya upande wa mita, nayo jenereta, kwa utiifu wake wote, husema, "Umeme umekatika, wanangu wako gizani," ikanguruma, ikaleta moto kwa mlango wa nyuma. Na mabamba ya jua hayana swichi ya kulizima jua; nyaya zake huwa na umeme mchana kutwa. Anayejua vitu hivyo viko wapi ni nani? Ni fundi aliyefika asubuhi kwa basi, au ni karani aliyepokea hati za kuvinunua na kuzitia katika jalada?

Basi fundi na asiamini swichi, wala asiamini rangi, wala asiniamini mimi. Na apime. Hapa tena tuna neno, kwa kuwa mafundi wengi hupima kwa ile testa ya bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. Testa ile hutegemea mwili wa mwenye kuishika. Amesimama juu ya ubao mkavu au amevaa viatu vizito vya mpira, taa yake huweza kufifia asiione katika mwanga wa mchana, na ikiwa imeharibika hukaa kimya kama waya usio na umeme. Kukaa kimya kwake si ushahidi. Utaratibu ulio sawa ni kuchukua kipimo chenye ncha mbili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kukijaribu kwanza mahali penye umeme unaojulikana, kisha kupima waya wa kazi, moto kwa nyutro, moto kwa ardhi, na nyutro kwa ardhi, kisha kurudi kukijaribu tena pale pa kwanza, isije ikawa kimekufa katikati ya kazi. Mambo haya yote huchukua dakika mbili au tatu. Mwenye kuona dakika tatu ni nyingi na aulize hospitali huchukua muda gani kufunga kifundo cha mkono kwa plasta.

Sheria hazikunyamaza. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Kenya ina yake ya mwaka 2007, nayo yamtaka mwenye mahali pa kazi apime hatari za mahali hapo. Iko na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania ya mwaka 2008. Twazisifu sheria hizi, lakini hatuna budi kusema kwamba sheria hufika ofisini kwa sura ya karatasi, na karatasi hupita mikononi mwetu. Sisi ndio tunaochapa nafasi ya hatari na nafasi ya kinga. Tukizijaza kwa kunakili, tumeigeuza sheria kuwa kazi ya mwandiko mzuri.

Tumekwisha kusikia jawabu la wakubwa wengine, ya kuwa mambo haya yatachelewesha kazi, na kwamba fungu la fedha halina kifungu cha kufuli. Juu ya fungu la fedha hatutabishana, ila tutasema kwamba fungu hilo hilo lilipata kifungu cha mapazia. Juu ya kuchelewa, ni kweli. Kazi itachelewa. Orodha yangu ya vibarua ingechelewa gari la saa sita, ingeondoka na gari la kesho yake, na vibarua wangenung'unika siku moja, tena kwa haki yao. Siku ile haikuondoka na gari lolote, kwa sababu gari lilimchukua fundi.

Twapendekeza kwa wanachama wetu, na hasa makarani wanaoandika vibali, ya kwamba mtu asipige chapa fomu ya kukagua umeme kabla hajatembea na fundi katika jengo zima, toka mita hata chumba cha mwisho. Njiani na aulize: umeme waingia humu kwa milango mingapi? Swichi hii yazima vyumba gani, na nani yumo ndani ya vyumba hivyo leo? Ni vipimo vipi vitakavyofanywa umeme ukiwa umezimwa, na vipi ukiwamo? Sakafu ni kavu? Ngazi ni ya mti au ya chuma? Mahali pa giza ni wapi, kwa kuwa taa zikizimwa fundi naye hukosa mwanga? Ndipo aandike aliyoyaona. Na kama baada ya kuanza kazi mambo yamegeuka, mvua imeingia, au pameonekana nyaya zisizojulikana, karatasi ya asubuhi imekwisha kazi yake, na iandikwe nyingine.

Juu ya kufuli, shauri letu ni kwamba ufunguo uwe mmoja, nao ukae katika mfuko wa fundi mwenyewe, usikae katika droo ya mkubwa wala juu ya sanduku. Mkubwa akiuhitaji na aende akamwombe fundi. Twajua jambo hili litawaudhi baadhi ya watu wenye vyeo. Lakini mkono ulio ndani ya sanduku ni wa fundi.

Fundi asifanye kazi peke yake. Mtu wa kukaa naye si lazima awe fundi; karani, tarishi au mlinzi aweza, mradi ajue swichi kuu iko wapi, ajue kwamba hamgusi mtu aliyenaswa kabla ya kuukata umeme, na awe amefundishwa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Tulipouliza katika mkutano wa tawi letu ni wangapi waliofundishwa jambo hilo, mikono miwili iliinuka, na mmoja alikuwa ameinua ili kuomba ruhusa ya kutoka nje.

Yule fundi sasa hufanya kazi kwa mkono wa kushoto zaidi kuliko wa kulia. Nilikwenda kumwona nikamwambia kwamba swichi niliipandisha mimi. Akaniambia alijua tangu siku ile, kwa kuwa alisikia viatu vyangu ukumbini. Kisha akaniuliza kama sanduku limekwisha kutiwa tundu la kufuli, nami nikaona haya kumjibu.

Makatibu wa matawi wanaombwa kabla ya mwisho wa mwezi kuituma kwetu barua fupi, wakieleza mambo matatu tu juu ya ofisi zao: kama sanduku la swichi lina mahali pa kutia kufuli, kama kufuli lenyewe lipo, na kama jengo lina jenereta au betri za jua, na ni nani ajuaye namna ya kuzizima. Majibu yatapelekwa kwa wenye mamlaka pamoja na barua ya Chama, na hesabu ya ofisi zisizo na kufuli itachapwa katika toleo lijalo.

Mhariri